Una homa ya ini C na huna bima? Usiuze shamba kwanza

Shemeji yangu aligundulika kwa sababu ya kutoa damu. Dada yangu alikuwa afanyiwe upasuaji, wodini wakaomba ndugu wachangie, naye akawa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Wiki chache baadaye akapigiwa simu arudi. Alichorudi nacho nyumbani Uyole ni karatasi iliyokunjwa mara nne, ndani yake herufi tatu, HCV, yaani kirusi cha homa ya ini C, na mbele yake alama ya kujumlisha. Aliyempa alikuwa na foleni ndefu mlangoni, hakupata nafasi ya kumfafanulia. Kwenye daladala akamuuliza mtu anayemwamini, akaambiwa dawa ya ugonjwa huo ni mamilioni kwa mamilioni. Nilipopita kwake jioni nilikuta ameshampigia simu mnunuzi wa shamba lake la viazi la Isyonje.

Mimi kazi yangu ni maabara. Jioni ile nilimwomba jambo moja tu: amwambie mnunuzi asubiri.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye pale alipokuwa shemeji. Ana karatasi mkononi, hana bima, na kichwani ana bei aliyoisikia kwa mtu. Ukweli ni kwamba homa ya ini C haina bei moja. Kuna gharama ya kuthibitisha kama kirusi kipo, gharama ya kujua ini limefikia wapi, gharama ya vidonge, na nauli ambayo watu husahau kuihesabu. Kila moja inalipwa kwa wakati wake na ina mahali pake pa kupunguzwa. Anayekimbilia dawa kabla ya hayo mengine ndiye anayeuza shamba.

Kwanza hakikisha herufi. Huku kwetu watu husema "homa ya ini" basi, kama vile ni ugonjwa mmoja. B na C ni virusi viwili tofauti kabisa, na B ndiyo tunayokutana nayo zaidi nchini. B ina chanjo, C haina. B ina dawa za kuituliza ambazo wengine humeza maisha yao yote, na si kila mwenye B anazihitaji. C inapona. Vidonge vya wiki 12, kimoja au viwili kwa siku, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanaovimaliza wanabaki bila kirusi. Nimekutana na mwenye C aliyekata tamaa kwa sababu jirani yake mwenye B alimwambia hautibiki, na jirani hakuwa anadanganya, alikuwa anazungumzia ugonjwa wake. Kwa hiyo kama umeambiwa kwa mdomo tu, rudi uombe majibu yaliyoandikwa.

Sasa tuje kwenye ile alama ya kujumlisha. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kwenye kijiti cha plastiki, hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana na kirusi. Ni sawa na kuona nyayo za nguruwe pori asubuhi kwenye mahindi: unajua alipita, hujui kama bado yumo. Takriban watu watatu kati ya kumi wanaoambukizwa C hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, lakini kingamwili zinabaki kwenye damu yao. Na vipimo vya haraka huweza pia kukosea, vikaonyesha alama ya kujumlisha kwa mtu ambaye hana hata hizo kingamwili. Mtu wa namna hiyo akinunua vidonge anatibu nyayo.

Kinachotafuta kirusi chenyewe ni kipimo cha wingi wa virusi, kinachosoma chembe za urithi za kirusi. Hapa ndipo shilingi yako ya kwanza inapaswa kwenda, kabla ya dawa, kabla ya utrasaundi, kabla ya safari ya Dar es Salaam. Mashine ya GeneXpert, ile ile ambayo hospitali nyingi huitumia kupima makohozi ya kifua kikuu, inaweza kukifanya. Ila katriji, kile kikasha kidogo kinachotiwa sampuli na kuingizwa kwenye mashine, ya kifua kikuu na ya homa ya ini C ni mbili tofauti, na mashine bila katriji yake ni kabati tu. Kwa hiyo usiulize kama mashine ipo. Uliza hivi: "Mnapima wingi wa kirusi cha homa ya ini C, na katriji ipo leo?" Neno "leo" lina thamani ya nauli ya kutoka Chunya hadi Mbeya mjini na kurudi. Pia uliza kama damu yako inaweza kuchukuliwa hapo ulipo na kusafirishwa hadi maabara kubwa. Mara nyingi ni nafuu kusafirisha kichupa kuliko kumsafirisha mtu, na mtu anahitaji pa kulala.

Kwa walio Mbeya, Songwe na Rungwe, mahali pa kuanza kuuliza ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Walio Iringa waanze na hospitali ya rufaa ya mkoa, na walio Makete wanaifahamu Ikonda, hospitali ya wamisionari wa Consolata ambayo watu huifuata kutoka mbali. Piga simu au mtume ndugu aliye karibu aulize kabla hujapanda gari.

Yale mamilioni yalitoka wapi

Bei aliyotajiwa shemeji kwenye daladala haikuwa uzushi. Ilikuwa bei ya zamani na ya nchi nyingine.

Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1989. Kwa miaka mingi tiba yake ilikuwa sindano za intaferoni, karibu mwaka mzima, zenye kuleta homa, sonona na kupungukiwa damu, na mara nyingi haziponyi. Desemba 2013 Marekani iliidhinisha kidonge kiitwacho sofosbuvir. Kampuni ya Gilead ilikiuza dola 1,000 kidonge kimoja, dola 84,000 kwa wiki 12. Kwa shilingi za sasa hiyo ni zaidi ya milioni 200. Hapo ndipo "mamilioni kwa mamilioni" yalipozaliwa, na habari mbaya husafiri haraka na kukaa muda mrefu.

Habari iliyofuata haikusafiri vizuri hivyo. Mwaka 2014 Gilead ilitoa leseni kwa viwanda vya India vitengeneze dawa hiyo kwa ajili ya nchi 91 za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwamo. Mwaka 2015 kampuni ya Bristol-Myers Squibb ikaiweka daclatasvir, dawa inayokwenda sambamba na sofosbuvir, chini ya shirika la Medicines Patent Pool ili itengenezwe vivyo hivyo kwa nchi 112. Mwaka huo huo dawa hizi ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Misri, ambako kirusi kilienea sana kutokana na sindano za kutibu kichocho zilizotumika kwa watu wengi miaka ya nyuma, iliwapima makumi ya mamilioni ya wananchi wake na kuwatibu. Rwanda nayo ikaanzisha mpango wake wa kuutokomeza. Nchi zinaponunua kwa wingi, bei hushuka. Mwaka 2022 yalitangazwa makubaliano ya kuuza tiba nzima ya wiki 12 kwa dola 60, takriban shilingi laki moja na nusu.

Naomba ieleweke vizuri: hiyo ni bei ya serikali na miradi inayoagiza kwa wingi, si bei ya famasi ya Mwanjelwa. Mpaka kopo lifike kwako kuna usafiri, kuna msambazaji, na kuna mwenye famasi ambaye huenda anauza tiba moja ya namna hiyo kwa miezi mingi na hataki dawa iishe muda wake rafuni. Lakini ukishajua kwamba bei hiyo ipo duniani, mtu akikutajia mamilioni utajua kuwa bado hujafika mahali sahihi.

Shemeji alikwenda famasi tatu. Ya kwanza ilimtajia bei ya kumrudisha kwa mnunuzi wa shamba. Ya tatu ilimtajia chini ya nusu ya ile. Tofauti ilikuwa kwenye swali. Kwenye ya kwanza aliomba "dawa ya homa ya ini C", akatolewa kopo lenye jina kubwa la kibiashara. Kwenye ya tatu alikuwa na karatasi ambayo daktari ameandika majina ya dawa yenyewe: sofosbuvir miligramu 400, daclatasvir miligramu 60, kimoja kimoja kwa siku, siku 84. Mfamasia akajua anachoagiza na akajua anaweza kuleta cha kiwanda chochote kilichosajiliwa. Mwombe daktari aandike hivyo. Mwombe na mfamasia akupe bei kwa maandishi, kwa tiba nzima na si kwa kopo, kwa sababu makopo mengi huwa na vidonge 28 na utahitaji matatu ya kila dawa. Kuna pia vidonge vilivyounganisha dawa mbili ndani ya kimoja, au sofosbuvir na velpatasvir. Linganisha bei ya wiki 12 kwa wiki 12.

Mfamasia wa hospitali ni mtu ambaye wagonjwa humpita bila kumsalimia, na ndiye anayejua nani anaagiza nini. Kama wagonjwa wawili au watatu wanasubiri dawa ile ile, yeye anaweza kuwaagizia pamoja, na mwenye kuagiza kwa watu watatu anasikilizwa tofauti na anayeagiza kwa mmoja. Duka la dawa muhimu la kijijini, hata liwe zuri namna gani, si mahali pa dawa hizi. Kuhusu kuagiza mwenyewe kutoka India kupitia mtu wa mtandaoni, nasema usifanye hivyo peke yako. Dawa bandia za homa ya ini C zimewahi kukamatwa katika nchi mbalimbali, na kidonge bandia hakikuambii kuwa ni bandia mpaka wiki 12 ziishe na pesa iwe imeondoka. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina ofisi ya kanda Mbeya. Kaulize kama dawa unayotajiwa imesajiliwa.

Ugonjwa huu unakupa muda

Hili ndilo ningependa kila mtu alisikie. C ni ugonjwa wa mwendo wa polepole. Kati ya watu 100 wanaoishi nao, 15 hadi 30 hupata kovu kubwa la ini, yaani sirosisi, katika muda wa miaka 20. Si kwamba ni mdogo. Unaua watu zaidi ya laki mbili duniani kila mwaka kwa sirosisi na saratani ya ini. Lakini kama huna dalili za hatari, miezi mitatu au minne ya kukusanya pesa haitakuua. Unaweza kusubiri mavuno. Unaweza kuweka kwenye VICOBA ukajua mgao wako ni lini. Dalili za hatari ni macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa. Ukiziona hizo usisubiri mavuno yoyote.

Kinyume chake, jambo la kuogopa ni kuanza kopo la kwanza bila kujua la pili litatoka wapi. Afadhali uanze Septemba ukiwa na makopo yote kuliko Juni ukiwa na moja. Ukikatisha katikati, kirusi huweza kurudi, na safari ya pili huweza kuwa ngumu na ya gharama zaidi.

Ili kujua kama una muda, ini lipimwe. Watu hudhani hapa lazima kuwe na mashine kubwa. Hospitali nyingi za mkoa zinaweza kufanya vipimo viwili vya damu vya kawaida, kimeng'enya cha ini kiitwacho AST na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kisha hesabu ya darasa la saba inafuata. Shemeji alikuwa na AST 62, na kikomo cha juu cha maabara ile ni 40. Gawanya 62 kwa 40, unapata 1.55. Zidisha kwa 100, ni 155. Gawanya kwa chembe sahani zake, 190 (yaani elfu 190 kwa mikrolita), unapata 0.8. Ikizidi 2, daktari atashuku sirosisi. Ikiwa chini ya 1, uwezekano wake ni mdogo. Nilimfanyia hesabu hiyo mgongoni mwa risiti ya mbolea, na usiku ule alilala. Mwenye sirosisi naye anatibiwa, ila muda wa dawa hizi mbili mara nyingi huongezwa hadi wiki 24, kwa hiyo bajeti yake ni nyingine, na anahitaji daktari bingwa amwangalie.

Pesa ya vipimo hivi vidogo ndiyo bima ndogo inaweza kuibeba. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa ikitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita; uliza bima ya kaya sasa ni kiasi gani. Siahidi kwamba itakununulia sofosbuvir. Uliza kabla ya kulipa inalipia nini na inaishia hospitali ya ngazi gani. Lakini kumwona daktari, picha kamili ya damu na utrasaundi vikitolewa mfukoni mara tatu, utaona kama ada ya bima ilikuwa ghali.

Na asiye na uwezo kabisa? Kila hospitali ya rufaa ina ofisi ya ustawi wa jamii, na sera ya uchangiaji ina kipengele cha msamaha kwa wasiojiweza na kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Watu wengi hufika ofisi hiyo siku ya kutoka wodini, deni likiwa limeshaandikwa. Nenda mwanzoni. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya kaya, na kama kaya iko TASAF chukua ushahidi wake. Msamaha kwa kawaida unahusu kile hospitali inacho: kumwona daktari, vipimo, dawa zilizopo dirishani. Dawa isiyokuwepo dirishani utaandikiwa ukanunue nje. Hata hivyo, kama vipimo vyote vimesamehewa, kilichobaki mbele yako ni bei ya makopo peke yake, na hiyo ukoo unaweza kuikalia kikao.

Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, mwambie daktari kila dawa nyingine unayotumia. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dawa hizi mpaka zisifanye kazi. Hivyo hivyo baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini. Anayetumia dawa za VVU zenye efavirenzi huongezewa kipimo cha daclatasvir. Amiodaroni ya moyo ikikutana na sofosbuvir huweza kuyashusha mapigo ya moyo kwa hatari. Na lazima upimwe B, kwa sababu kwa mwenye virusi vyote viwili, C ikiondoka B huweza kuamka kwa kishindo. Kipimo cha B ni cha bei ndogo, kisirukwe.

Kuhusu dawa za mitishamba nitasema wazi kwa sababu nimeona pesa ya tiba ikiishia huko. Hakuna mti uliothibitishwa kuondoa kirusi cha C, na baadhi ya mchanganyiko huunguza ini lile lile unalotaka kuliokoa. Chale za wembe mmoja kwa watu wengi ni moja ya njia ambazo kirusi hiki hupita, kwa kuwa njia yake ni damu kwa damu: sindano, wembe, mashine ya kunyolea yenye damu. Pombe nayo, iwe ulanzi wa Iringa au komoni au bia ya chupa, huharakisha kovu. Iache.

Nyumbani kwa shemeji kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa kwenye karatasi. Dada alikuwa amemtengea kikombe. Kikombe cha bati la bluu, kimewekwa peke yake juu ya kabati, na watoto wameambiwa wasikiguse. Alifanya kwa upendo, akiwalinda watoto. Nilikichukua nikanywea chai mbele yao wote. C haipiti kwenye kikombe, sahani, kikohozi, kukumbatiana wala kunyonyesha. Kati ya mke na mume hupita kwa nadra. Kisichoshirikiwa ni wembe, mswaki na kikata kucha. Dada alipimwa, watoto wakapimwa, wote hawana.

Alimeza vidonge vyake 84 vya kila aina kwa saa ile ile, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Alisikia uchovu na kichwa kuuma wiki ya kwanza, basi. Ukimaliza, usipime kesho yake ukashangilia. Unasubiri wiki 12 nyingine ndipo unarudia kipimo cha wingi wa virusi, na pesa ya kipimo hicho iwekwe kando tangu mwanzo, maana wengi huimaliza kwenye vidonge wakabaki hawajui kama walipona. Mwenye sirosisi ataendelea na utrasaundi kila miezi sita hata akipona, kwa kuwa kovu bado linaweza kuzaa saratani.

Majibu ya shemeji yaliandikwa "kirusi hakikuonekana". Nilimweleza aitunze karatasi hiyo kuliko ile ya kwanza, kwa sababu kipimo cha haraka kitaendelea kumwonyesha alama ya kujumlisha miaka yote, nyayo hazifutiki. Akienda kupimwa mahali pengine na mtu akashtuka, aitoe. Ameiweka kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku, juu ya hati ya kimila ya shamba la Isyonje.